Mwosha Matumbo Alivyokwenda Kumshitaki Bwana Afya

Watu wanamwita Mama Karo. Jina alilopewa na wazazi wake analijua mumewe, na mumewe naye humwita "mwenzangu", kwa hiyo jina lenyewe limebaki kwenye kitambulisho tu. Karo ni lile birika la saruji lililo nyuma ya machinjio ya mji. Kila asubuhi matumbo ya ng'ombe humwagwa humo yakiwa bado na joto, na yeye, kwa mabuti yake ya mpira na aproni ya nailoni, huyapasua, huyakung'uta, huyageuza ndani nje, kisha huyasugua mpaka yawe meupe. Kwa kazi hiyo amelisha watoto na kuwasomesha, na viganja vyake ni laini kuliko vya bibi harusi, maana mafuta ya tumbo hayashindwi na krimu yoyote ya dukani.

Harufu ndiyo mtihani. Aoge, ajisugue kwa limau, ajipake atakacho, harufu ya karo haimtoki. Yeye mwenyewe haisikii tena. Anachojua ni kwamba akiingia dukani nafasi hupatikana yenyewe, na foleni ya benki kwake haijawahi kuwa ndefu. Huwa anacheka mwenyewe: wenzake wanalalamika kwamba mji umejaa watu, yeye kila akipita haoni hao watu wako wapi.

Nayasema haya mapema ili ujue ni mtu wa aina gani. Mama huyu ametia mikono kwenye uchafu ambao wewe ukiuona tu chakula cha mchana unakisamehe, na hakuwahi kukunja uso. Ukitaka kujua ni kitu gani hasa kilimtia kinyaa, itabidi tuingie maofisini.

Mdogo wake wa mwisho ndiye alikuwa mchinjaji mkuu pale. Mama yao alifariki huyo mdogo akiwa bado ananyonya. Dada akambeba mgongoni, akamlea, akamkuza sawa na watoto aliowazaa mwenyewe, na alipofika umri akamtafutia kazi machinjioni. Wenzake walimbatiza Kimya, kwa sababu anaweza kushinda kutwa nzima na neno moja, na neno lenyewe ni "haya". Ng'ombe kaingia. Haya. Kisu butu. Haya. Mshahara umechelewa tena. Haya. Mkewe alisema siku alipomchumbia ilibidi yeye mwanamke ndiye ajaze maneno ya pande zote mbili. Walikuwa na mtoto mmoja mchanga, na Kimya akitoka kazini alikuwa anaoga mara mbili ndipo amshike.

Sasa kuna jambo la muhuri, na hili ulishike vizuri. Sheria inataka bwana afya amwone ng'ombe angali hai, halafu amwone tena akiwa amening'inia, akague ini, akague mapafu, ndipo agonge muhuri wa wino wa zambarau pajani. Bila muhuri nyama haitoki getini. Lakini bwana afya wa mji ule alikuwa mtu wa usingizi. Kijana mtanashati, shati limenyooka, viatu vya ncha, kuamka alfajiri kwake ilikuwa ni adhabu. Basi alichofanya, alipigilia msumari kwenye nguzo ya machinjio, akautundika muhuri wa serikali hapo kwa kamba, na chini yake akaweka wino ndani ya kopo la jamu. Akamwambia Kimya awe anagonga tu, kukiwa na tatizo ampigie simu. Kimya akasema haya.

Ikawa hivyo miaka nenda miaka rudi. Hakuna aliyeona ajabu. Mmoja anachinja, mmoja anachuna ngozi, mmoja anaosha matumbo, na mchinjaji akishanawa mikono anagonga muhuri. Kwa watu wa pale ule muhuri ulikuwa chombo cha kazi kama kisu na ndoo. Bwana afya alikuwa anapita mwisho wa mwezi kusaini, anashika leso puani, anasema "safi, safi," anaondoka na kilo zake za ini zimefungwa kwenye gazeti.

Siku ya balaa liliingia lori la tajiri mmoja mwenye zabuni ya kulisha shule ya bweni. Ng'ombe mmoja alikuwa amefia njiani. Ulimi nje, tumbo limevimba, nzi wamemjaa puani. Kibudu kabisa, mzoga. Watu wa tajiri wakamburuta mpaka ndani kana kwamba amelala tu. Kimya akamzunguka mara moja, akavunja rekodi yake ya maneno.

"Huyu amekufa. Simgusi, na muhuri sigongi."

Tajiri akatoka nje na simu yake. Haukupita muda, hebu fikiria, bwana afya huyo, kabla hata ya chai, anakanyaga damu kwa ncha za viatu, suruali kaishika magotini kama bibi anayevuka mto. Hakumsemesha mtu. Watu wa tajiri walikuwa wameshaanza kuchuna na kupasua wenyewe. Akautoa muhuri msumarini, akauchovya, akagonga paja, akagonga na la pili. Wino ukamchuruzika kidoleni, akajifuta nguzoni. Mama Karo alikuwa amesimama kwenye karo lake, tumbo mkononi, maji yanatiririka, anatazama. Aliona kila kitu kwa macho yake mawili.

Jioni ya siku hiyo bweni zima lilikuwa linatapika. Watoto walilazwa wawili wawili kitandani, wengine sakafuni, na wazazi wakajaa getini hospitalini na mawe mikononi. Hakufa hata mmoja, tumshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mji uliwaka moto, na wakubwa wakaahidi kwamba mhusika atapatikana mara moja. Mhusika akapatikana kweli. Kesho yake askari walifika machinjioni, bwana afya akiwa ndiye anayewaonyesha njia. Akasema muhuri wake ulikuwa unatumika bila ya yeye kujua. Akamnyooshea kidole Kimya. Askari wakamuuliza Kimya kama anajua kwa nini wamekuja. Akatazama pingu, akasema haya, akatoa mikono. Walimchukua na mabuti yake yenye damu.

Mama Karo alimgeukia mchuna ngozi, ambaye siku ile alikuwa karibu na ile nguzo kuliko mtu yeyote. Mchuna ngozi alisema yeye alikuwa ameinama. Kumbe mtu anaweza kuinama asubuhi nzima! Mlinzi wa geti naye alikuwa amekwenda haja. Mwenye kubeba miguu ya ng'ombe alikumbuka ghafla kwamba siku hiyo hakuja kazini, wakati mguu mmoja alimpa Mama Karo kwa mkono wake mwenyewe.

Nyumbani akamkuta wifi yake amekaa chini sebuleni, mtoto mgongoni, kajifunika uso kwa upindo wa kanga. Kimya alikuwa amewekwa mahabusu na dhamana hakuna, kwa sababu kesi ni ya watoto wa watu. Mume wa Mama Karo ni fundi baiskeli, anafanyia kazi barazani. Mkewe alipomwambia anakwenda kushitaki, hakumkataza. Alimuuliza tu atamshitaki kwa nani, wakati wote wanakula sahani moja. Mama Karo akamjibu kwamba katika hao wanaokula lazima yuko hata mmoja aliyenawa mikono. Akajifunga kanga kiunoni, akaenda.

Mlangoni kwa serikali aliambiwa malalamiko yana ngazi zake, aanzie kwa mkubwa wa bwana afya. Mkubwa huyo, Mkuu wa Afya, alikuwa na ofisi yenye mapazia mazito na feni inayolia. Mama Karo alipokaa tu, msaidizi akaingia na kopo la marashi, akapuliza pembe zote nne za chumba kama anayefukuza mbu, akatoka bila hata kumtazama mgeni. Mkuu alisikiliza habari yote huku ameweka kiganja puani, akijifanya anafikiri. Mama Karo alipomaliza, yeye akalegeza sauti. Akasema huyo bwana afya ni kijana tu, kama mwanawe Mama Karo, ameteleza tu, ana maisha mbele yake, haya mambo yamalizwe kifamilia. Halafu akasogeza kiti mbele kidogo, akakirudisha nyuma harufu ilipomfikia. Akasema machinjioni kunahitajika msimamizi wa usafi, kazi ya kuvaa viatu vya kawaida, kushika kalamu na kuamrisha wengine, na jina la Mama Karo linaweza likapendekezwa.

Mama Karo akamuuliza, na mdogo wangu? Mkuu akasema mdogo wako yuko mikononi mwa sheria, hilo tuliache.

Hapo ndipo kinyaa kilipomshika. Alimtazama yule mzee alivyokaa, na pete yake, na kikombe chake chenye kifuniko cha kufuma, anavyompa mtu kazi kwa kichwa cha ndugu yake kana kwamba anamkaribisha chai. Akasimama.

"Mkuu, mimi nashika mavi ya ng'ombe tangu nikiwa msichana. Yale yananawika. Hili lako nikilishika sijui nitanawa na nini."

Akatoka, na nyuma yake akasikia lile kopo la marashi likianza tena, fsss.

Ngazi ya pili ilikuwa Ofisi ya Malalamiko. Usicheke, ipo, na ina kibao. Ukutani wamebandika picha ya watu wanaocheka meno yote nje, imeandikwa TUNAKUSIKILIZA. Mlangoni kuna sanduku la maoni lenye kufuli, na ufunguo alipotea nao karani aliyestaafu, kwa hiyo maoni yanaingia lakini hayatoki. Juu ya sanduku karani wa sasa ameweka kikombe chake na kitana. Huyu alikuwa binti mwenye kucha ndefu. Alimpa Mama Karo fomu, kisha akahamishia kiti chake dirishani. Fomu ilikuwa inauliza aina ya lalamiko: lugha chafu, kucheleweshwa, kuombwa chochote, au mengineyo. Mama Karo akasema mengineyo. Binti akasema mengineyo yana nafasi ndogo, ajitahidi kufupisha.

Kuanzia hapo ikawa nenda rudi. Kila akimaliza karo anavua mabuti, anakwenda kukaa benchi. Leo anayehusika hayupo. Kesho yupo lakini yuko kikaoni. Keshokutwa amekwenda semina. Mama Karo akauliza semina ya nini, karani akajibu bila haya yoyote, ya utawala bora. Watu wawili watatu waliokuwa benchini walicheka mpaka mmoja akashikwa na kikohozi. Karani hakuona kinachochekesha, jamani, na hilo ndilo lilimuudhi Mama Karo kuliko semina yenyewe.

Lakini hakukata tamaa, maana Jumapili kwa Jumapili alikuwa anakwenda kumwona Kimya mahabusu, na Kimya alikuwa anapungua. Uso ulikuwa umebaki macho. Akimuuliza unakula, haya. Unalala, haya. Siku moja tu ndiyo alisema kitu kingine, akauliza kama mtoto ameanza kukaa. Mama Karo akamwambia anakaa, anaanguka, anakaa tena, na wewe utatoka umwone, nimeshawashitaki. Kimya akatikisa kichwa kwamba sawa. Alikuwa anamwamini dada yake tangu akiwa mgongoni kwake, angeachaje leo.

Hatimaye Ofisi ya Malalamiko ilimwita mbele ya kamati yake. Wifi yake akampigia pasi gauni la sherehe. Aliamka akaoga, akaoga tena, siku hiyo hakugusa karo kabisa. Akaingia kwenye chumba chenye meza ndefu, na kitu cha kwanza alichokiona kikamfanya asimame mlangoni. Bwana afya alikuwa upande wa kamati. Hakuwa amekaa kando kama mshitakiwa, hapana, yuko palepale mezani, anamtilia mwenyekiti maziwa kwenye chai kutoka kwenye chupa. Mama Karo akawekewa kiti upande wa pili, peke yake, mbali kidogo, karibu na dirisha lililofunguliwa kwa ajili yake.

Mwenyekiti alikuwa mwanamke wa rika lake, miwani imening'inia kifuani kwa mkufu. Akamwita "dada yangu". Akamwambia asiogope, pale ni nyumbani. Na kweli Mama Karo akaona huyu sasa ndiye yule aliyenawa mikono. Moyo ukamtulia, akaeleza yote kwa utaratibu: lori, mzoga, Kimya kukataa, simu ya tajiri, suruali magotini, muhuri kutoka msumarini, paja la kwanza na la pili. Alieleza vizuri. Hata mwandishi wa kamati alikuwa ameacha kuandika anasikiliza.

Mwanasheria wa kamati ndiye aliyeuliza. Mtu mwembamba, mpole, anazungusha kalamu. Akasema Mama, karo liko mbali na nguzo, na mtu akikupa mgongo, migongo yote hufanana. Una uhakika gani kwamba aliyegonga ni huyu bwana na si mdogo wako?

Hapo Mama Karo alikaribia kucheka. Swali gani hili? Jibu lake lilikuwa wazi kuliko mchana, na ndilo aliloona litawamaliza kabisa.

"Nitakosaje kumjua? Siku zote anayegonga ni mdogo wangu. Mwaka mzima ni yeye. Siku ile ndiyo nilimwona huyu bwana kaushika muhuri kwa mkono wake, nikashangaa, ndiyo maana nikaacha kazi nikatazama."

Kalamu ya mwandishi ikaanza kukimbia. Mwenyekiti akavaa miwani yake polepole. Akauliza, kwa sauti ileile ya dada kwa dada, siku zote ni mdogo wako? Mama Karo akasema siku zote, muulizeni mtu yeyote pale machinjioni, hata mlinzi wa geti atawaambia. Mwenyekiti akauliza kama yuko tayari kuapa kwa hilo. Akasema ataapa mbele ya yeyote. Mwanasheria akaacha kuzungusha kalamu, akaifunga. Bwana afya akaweka kikombe chini na kutazama dirishani, kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana.

"Asante sana, dada yangu," mwenyekiti akasema. "Umetusaidia mno."

Akanyoosha mkono, wakapeana. Mama Karo alipogeuka mlangoni kufunga mlango alimwona anajifuta kiganja kwa karatasi, kidole kimoja kimoja. Hilo halikumshtua, amezoea. Alitembea mpaka nyumbani kichwa juu, na njiani akamnunulia mtoto wa Kimya mkate mtamu.

Mumewe alikuwa anajaza upepo kwenye tairi. Akawa anasimuliwa huku anapampu, anaitikia ee, ee, kweli, ee. Ilipofika kwenye swali la mwanasheria, pampu ikasimama.

"Rudia hapo," akasema. "Umewajibuje?"

Akarudia, neno kwa neno, bado ana tabasamu. Mume akakaa chini kwenye sanduku lake la spana. Akamuuliza muhuri ule ni wa nani. Mama Karo akasema wa bwana afya. Akamuuliza anayeruhusiwa kuugonga ni nani. Akasema bwana afya. Mume akamtazama tu kwa huruma, mpaka lile tabasamu likamtoka lenyewe. Mama Karo hakuwa amefikiria kamwe, katika miaka yote hiyo, kwamba Kimya alikuwa anafanya kosa. Alikuwa anafanya kazi! Alipewa na mkubwa wake, akasema haya. Ungemuuliza Mama Karo nani anaosha matumbo angesema mimi, na nani anagonga muhuri angesema mdogo wangu, kwa sauti ileile.

Asubuhi yake alifika Ofisi ya Malalamiko kabla haijafunguliwa. Alitaka kueleza vizuri: kwamba Kimya aliagizwa, kwamba msumari aliupigilia bwana afya mwenyewe, kwamba ile siku ya mzoga ndiyo siku ambayo mdogo wake alikataa. Karani wa kucha akafungua jalada. Akasema lalamiko limeshashughulikiwa na kufungwa, maelezo yake yamepelekwa polisi. Mama Karo akauliza bwana afya kafanywa nini. Ameonywa kwa mdomo, karani akasema, na amehamishwa. Kahamishiwa wapi? Makao makuu. Halafu binti akamsomea mstari wa mwisho, maana utaratibu unataka mlalamikaji asomewe: ofisi inamshukuru mlalamikaji kwa ushirikiano wake.

Ptuu! Mimi ninayesimulia, nikifika hapa mate hunijaa mdomoni. Wangemfukuza, ningeelewa. Wangemtukana, tungesema ndio watu hao. Lakini kumkalisha mtu, kumwita dada yangu, kumfungulia dirisha, kuchukua mdomo wake mwenyewe na kumfungia nao ndugu yake, halafu eti asante kwa ushirikiano! Nzi wa machinjio wana staha kuliko hawa, maana nzi angalau hakushukuru. Mama Karo alitoka nje akashikilia lile sanduku la maoni kwa mikono miwili, akatapika mlangoni pao, wazi wazi, mchana, watu wanaona. Karani akapiga kelele aitwe mfagizi. Hakuomba radhi, akajifuta, akaenda zake.

Bado palikuwa na mahakama. Alipoletewa wito alijipa moyo kwamba hakimu si kamati, hakimu atasikiliza mpaka mwisho. Usiku na mchana alikuwa anayapanga maneno yake, anayasema peke yake karoni mpaka mchuna ngozi akadhani amechanganyikiwa. Siku ilipofika akavaa gauni lilelile la sherehe. Wifi yake akakaa nyuma na mtoto. Kimya alikuwa kizimbani ndani ya shati ambalo zamani lilimkaa, na benchi la mbele, upande wa mashahidi wa serikali, alikuwa bwana afya katika suti mpya. Karani wa mahakama akamwonyesha Mama Karo pa kukaa. Palikuwa kwenye benchi hilohilo.

Mwendesha mashitaka alimuuliza kama ni dada wa mshitakiwa. Ndiyo. Kama anafanya kazi machinjioni. Ndiyo. Kama amewahi kumwona mshitakiwa akigonga nyama kwa muhuri wa serikali.

"Nimewahi, lakini siku ile ya mzoga..."

Ndiyo au hapana, mwendesha mashitaka akasema. Mama Karo akajaribu tena, siku ile aliyegonga, akasema, siku ile mdogo wangu alikataa. Hakimu, mtu mzima aliyechoka, wala hakuwa mkali, akainua uso akamwambia shahidi ajibu lile aliloulizwa tu, mengine yatakuwa na wakati wake. Maneno yote aliyoyapanga yalikuwa yamejipanga kooni. Likatoka moja.

"Ndiyo."

Mwendesha mashitaka akakaa. Hakimu akamgeukia Kimya. Hakuwa na wakili, kwa hiyo sheria ilimpa nafasi yeye mwenyewe kumuuliza shahidi. Una swali kwa shahidi huyu?

Huo ndio ulikuwa wakati wake. Mama Karo alikaza macho kwa mdogo wake, midomo inacheza. Niulize. Niulize tu siku ile nani aligonga. Niulize nani aliweka msumari. Swali moja, mwanangu, nami nitawamwagia yote, wala hakuna atakayenizuia, maana utakuwa umeniuliza wewe. Chumba kizima kilimsubiri. Kimya akashika ukingo wa kizimba, akakohoa kidogo. Alimtazama dada yake aliyepanda pale na kuapa, na usoni mwake palikuwa na fahari, kweli kabisa, fahari.

"Sina swali, mheshimiwa. Dada yangu hasemi uongo."

Akakaa.

Hukumu ilitoka mchana uleule. Bwana afya alikuwa ameshatoa ushahidi wake kwa Kiswahili kizuri sana kuhusu uaminifu kazini. Kimya alipewa mwaka mmoja na nusu. Alipoulizwa kama ameelewa alisema lile neno lake, na askari wakamshusha ngazi za nyuma. Mtoto alimwona baba yake akipita, akanyoosha mikono.

Kwenye ujia wa mahakama Mama Karo alikuwa amemshika wifi yake kiunoni. Watu walikuwa wengi, mawakili, makarani, ndugu wa kesi nyingine. Bwana afya akatokea mlangoni na wenzake. Alipomwona Mama Karo akawaacha, akamfuata mpaka karibu, safari hii bila leso, akainamisha kichwa kama kijana aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo, mama," akasema. "Poleni kwa yote."

Shikamoo huitikiwa. Ya mlevi unaitikia, ya mwizi unaitikia, ya mtoto aliyekutukana jana unaitikia ndipo umchape. Mama Karo katika maisha yake hakuwahi kuiacha hata moja. Alimtazama yule kijana, viatu, suti, kola, mpaka machoni, na akanyamaza. Bwana afya akadhani hakusikia. Akarudia kwa sauti zaidi, shikamoo mama, na watu ujiani wakageuka kutazama ni mkubwa gani huyu asiyeitikia salamu. Tabasamu likaanza kumshuka yule kijana upande mmoja. Akabaki pale na shikamoo yake, wenzake wanamsubiri, makarani wanamtazama, na hakujua afanye nini na mikono yake.

Mama Karo hakuitikia. Akamwambia wifi yake twende, wakapita.